Kampuni Yangu ya Bima Imenisahau: Tathmini ya Mteja wa Tangu 2001

Hadi kufikia 2024 nimekuwa mteja wa kampuni moja ya bima kwa miaka 23. Duka langu la leso katika Mtaa wa Biashara, hapa Mombasa, nililikatia bima ya moto na wizi mwaka 2001, na mwaka uliofuata nikalikatia gari langu katika kampuni hiyo hiyo. Tangu hapo nimebadilisha magari mara tatu, nimehamisha duka mara moja kutoka upande mmoja wa mtaa hadi wa pili, na sijawahi kuchelewesha ada hata siku moja. Sitaitaja kampuni kwa jina. Ninaandika ili anayefikiria kukata bima, au anayeshangaa kwa nini bima yake haifanani tena na ile aliyoizoea, ajue mambo ya kuyaangalia kabla hajapatwa na hasara, kwa kuwa mimi niliyajua baada ya kupatwa.

Ni vyema nianze na sababu iliyonifanya nikae kwao muda mrefu namna hiyo. Mfanyabiashara wa umri wangu hawezi kuizungumzia bima bila kuzikumbuka kampuni zilizoanguka. Kenya National Assurance, iliyokuwa ya serikali na ambayo wazazi wetu waliiamini bila kuuliza, ilifungwa mwaka 1996. United Insurance iliwekwa chini ya msimamizi mwaka 2005, na Blue Shield ikafuata mwaka 2011. Ni kweli kwamba siku hizi ipo hazina ya kuwafidia wateja wa kampuni zilizofilisika, na sisi sote huichangia asilimia 0.25 ya ada tunazolipa, lakini kikomo cha fidia yake ni shilingi 250,000 kwa dai, kiasi kisichotosha kujaza rafu za ukuta mmoja wa duka langu. Kwa hiyo nilipopata kampuni inayolipa, sikuona maana ya kuzunguka mjini nikitafuta ada iliyo nafuu kwa shilingi elfu mbili au tatu. Ndugu yangu, ambaye siku zote alikuwa na shaka na bima ya kawaida kwa sababu za dini, alihamia takaful, yaani bima ya Kiislamu, ilipoanza kutolewa nchini mwaka 2011, akanishauri nimfuate. Nilikataa. Nilimwambia kwamba kwangu mimi kampuni ile haikuwa tu hati ya bima. Ilikuwa watu waliolijua duka langu.

Kauli hiyo inahitaji maelezo, kwa sababu ndiyo kiini cha malalamiko yangu.

Wakala wetu alikuwa mzee wa Mji wa Kale ambaye mtaa mzima tulimwita maalim. Kazi yake haikuwa kukusanya ada peke yake. Katika bima ya moto kuna sharti ambalo wateja wengi hawalijui hadi siku ya dai: ukiandikisha bidhaa zako kwa thamani iliyo chini ya thamani yake halisi, kampuni huhesabu kwamba ile sehemu iliyobaki umeibeba mwenyewe, na hukulipa kwa uwiano huo huo. Duka langu kwa kawaida huwa na mali ya shilingi 2,400,000 hivi. Lakini kuanzia mwezi wa Shaaban, ninapopokea mizigo ya Ramadhani na ya Idi, na baada yake ya harusi za Mfungo Mosi, mali hiyo hupanda hadi 4,000,000. Moto ukizuka wakati huo na kuteketeza bidhaa za milioni moja, huku hati yangu ikiwa bado inasema 2,400,000, nitalipwa 600,000 tu, kwa kuwa nilikuwa nimeandikisha asilimia 60 ya mali iliyokuwemo dukani. Hizo laki nne zilizobaki ni zangu na Mola wangu.

Maalim alilijua jambo hilo bila kukumbushwa. Kila Shaaban alikuja, akaketi kwenye benchi la wateja, akahesabu pamoja nami korija za leso, yaani mafungu ya ishirini ishirini, zilizokuwa zimeingia, na kabla hajamaliza kikombe chake cha kahawa alikuwa amekwisha kuandika nyongeza ya miezi mitatu, ambayo niliilipia kiasi kidogo kuliko mshahara wa msaidizi wangu wa dukani kwa mwezi mmoja. Baada ya msimu nyongeza ile iliisha na hati ikarudi ilivyokuwa. Hakuna siku niliyomwita. Alifanya hivyo tangu mwaka wa kwanza hadi mwaka aliostaafu, na ninaamini kwamba alifanya vivyo hivyo kwa jirani zangu wengi, ambao kalenda yao ya biashara ni kama yangu.

Dai langu la kwanza lilikuwa la mwaka 2009. Nilikuwa ninauzunguka mzunguko wa Makupa, matatu ikanigonga ubavuni, mlango na taa vikaharibika. Nilimpigia maalim simu nikiwa bado nimesimama kando ya barabara. Akaja mwenyewe, akanisaidia kupata abstrakti ya polisi, yaani karatasi ya kuthibitisha kwamba tukio limeripotiwa, siku ile ile, na mkadiriaji wa hasara alilikagua gari kesho yake katika gereji ya fundi ninayemwamini kule Changamwe. Wiki ya tatu gari lilikuwa barabarani. Baada ya hapo sikudai chochote kwa miaka 14, na kwa sababu hiyo kampuni ilikuwa ikinipa punguzo la kutodai, kiasi kwamba badala ya kutozwa asilimia 6 ya thamani ya gari nilikuwa ninatozwa asilimia 4.

Kampuni ilinunuliwa mwaka 2019 na kundi kubwa zaidi. Mwanzoni tuliona jina jipya kwenye risiti na rangi mpya kwenye bango, na hakuna aliyejali. Kisha kaunta ya katikati ya mji, iliyokuwa hatua chache kutoka Digo Road, ikafungwa, tukaambiwa kwamba huduma zote zitapatikana kwa simu na kwa programu ya kupakua. Mawakala wa muda mrefu walipunguziwa kamisheni. Maalim alimaliza mwaka 2021, akarudi kwao Lamu. Katika mwaka huo huo kumbukumbu za wateja zilihamishiwa kwenye mfumo mpya wa kompyuta, na hapo ndipo mambo yalipoharibika, ingawa mimi sikujua hadi Januari iliyofuata.

Naomba msomaji anivumilie kwa hesabu, kwa kuwa bima ni hesabu. Januari 2021 gari langu, Probox ninayobebea mizigo na familia, lilithaminiwa kwa shilingi 850,000. Kwa asilimia 4 ada ilikuwa 34,000, ukiongeza tozo mbili za kisheria, ile ya mafunzo ya asilimia 0.2 na ile ya hazina ya fidia niliyoitaja, jumla yake shilingi 153, pamoja na ushuru wa stempu wa shilingi 40, nililipa 34,193. Januari 2022 gari lilikuwa limezeeka na thamani yake imeshuka hadi 780,000. Ankara iliyonijia kwenye simu ilikuwa ya shilingi 47,050 na senti 60. Gari limeshuka kwa elfu sabini, ada imepanda kwa karibu elfu kumi na tatu.

Nilipiga simu. Kijana aliyeipokea alikuwa na adabu, na ninamtaja kwa wema kwa sababu kosa halikuwa lake.

“Shikamoo mama. Ninakuona hapa. Kwa mfumo wetu wewe ni mteja wa mwaka mmoja, kwa hiyo punguzo la kutodai bado hujastahiki.”

“Marahaba mwanangu. Mimi nilikata bima kwenu mwaka 2001. Nambari ya hati yangu ya zamani ninayo hapa.”

“Nambari hiyo haipo kwenye mfumo, mama. Mfumo unaanzia 2021.”

Nilimwuliza ni nani anayeweza kuziangalia kumbukumbu za zamani. Aliniomba nisubiri, nikasikiliza muziki kwa dakika kadhaa, kisha akarudi na kuniambia kwamba nitume malalamiko kwa barua pepe. Nilituma, nikaambatanisha picha za risiti kumi na moja. Jibu lilikuja baada ya wiki mbili likiwa limeandikwa kwa lugha ambayo hakuna mtu anayemwandikia mtu mwingine, likinishukuru kwa kuwasiliana nao na kunieleza kwamba viwango vya ada hupangwa kulingana na taarifa zilizopo. Muda wa bima ulikuwa unakwisha, na sheria, katika kifungu cha 156 cha Sheria ya Bima, hairuhusu kampuni kubeba hatari kabla ya kulipwa ada. Sina ugomvi na sheria hiyo. Bila yake kampuni nyingi zaidi zingefilisika. Lakini maana yake kwangu ilikuwa kwamba sikuwa na nafasi ya kubishana. Nililipa.

Jambo la pili nililigundua nilipoisoma hati mpya kwa makini, nikiwa na miwani na kalamu, usiku baada ya kufunga duka. Hati yangu ya zamani ilijumuisha ndani ya ada ile ile ulinzi dhidi ya ghasia za kisiasa na ugaidi, na pia kinga ya eksesi, yaani ile sehemu ya kwanza ya hasara ambayo mwenye bima hujilipia mwenyewe kabla kampuni haijatoa chake. Katika hati mpya vyote viwili vilikuwa vimetolewa na kuwekwa kwenye orodha ya vitu vya kununuliwa mbali. Hakuna aliyenipigia kunieleza, wala hakuna mstari kwenye ankara uliosema kwamba kilichokuwemo mwaka jana hakimo tena. Kwa mtu wa Mombasa hili si jambo dogo. Tumeyaona ya mwanzo wa 2008 baada ya uchaguzi, tumeyaona ya Agosti 2012 huku Majengo, na mwaka 2024 tumeyaona ya Juni na Julai wakati wa maandamano. Mwenye duka au gari katika mji huu anayedhani kwamba bima yake inafunika ghasia, ilhali kipengele kimeondolewa kimya kimya, amelala mlango wazi. Mimi nilikinunua tena. Ninawasihi wenzangu wafungue hati zao leo na kuangalia, kwa sababu bima ya moto yenyewe haimaanishi moto wowote ule utakaowashwa na yeyote yule.

Sasa nifike kwenye dai lenyewe.

Usiku mmoja wa Novemba 2023, katika zile mvua kubwa za El Nino, gari langu lilikuwa limeegeshwa nyumbani kwa dada yangu Bombolulu. Maji yaliingia uani usiku wa manane na kulipanda hadi viti. Asubuhi nilipofika, kitu cha kwanza nilichofanya ni kumpigia fundi wangu wa Changamwe, naye akaniambia maneno ambayo kila mwenye gari anayeishi sehemu ya mabondeni anapaswa kuyashika: “Mama, usiguse ufunguo hata kidogo. Tuondoe betri kwanza.” Alinieleza kwamba maji yakiwa yameingia kwenye injini kwa njia ya hewa, kuliwasha gari ndiko kunakoliua, kwa kuwa maji hayabanwi kama hewa inavyobanwa, na vyuma vinavyoisukuma pistoni hupinda. Sikuliwasha. Betri iliondolewa mbele ya majirani, na gari likakokotwa hadi gereji.

Niliripoti Jumatatu tarehe 20 Novemba kupitia programu yao ya simu, kwa kuwa hapakuwa na njia nyingine. Programu ilikuwa na aina mbili tu za madai ya gari, ajali na wizi. Nilichagua ajali. Ikaniomba picha ya gari la pili. Nilipoacha nafasi hiyo wazi ilikataa kuendelea, hivyo nikapiga picha ya dimbwi lililobaki uani na kuiweka hapo. Kisha ikadai abstrakti ya polisi, nayo haikukubali kupita bila hiyo. Nilikwenda kituoni, na afisa wa zamu, ambaye alikuwa amekesha kwa sababu ya mafuriko hayo hayo, aliniuliza kwa upole ninataka kuandikiwa nini, kwa kuwa hakuna aliyemgonga mtu na hakuna kilichoibwa. Aliniandikia hata hivyo, Mungu amjalie. Nilipoteza siku tatu kwa kutafuta karatasi ambayo, kama nilivyokuja kuambiwa baadaye na kampuni yenyewe, haikuhitajika.

Mkadiriaji hakuja. Alinipigia kutoka Nairobi, akaniuliza maswali, akaniomba picha za injini. Nilimweleza kwamba gari halikuwashwa na kwamba fundi na majirani ni mashahidi. Tarehe 5 Januari nilipata barua: kampuni ingegharamia viti, zulia na usafi wa ndani, lakini injini haitalipwa kwa sababu hitilafu za injini si sehemu ya bima. Nilisoma barua hiyo mara tatu. Hitilafu ya injini ni pale injini inapochoka kwa umri au kwa kukosa mafuta. Injini iliyojazwa na maji ya mafuriko ilhali gari limesimama na kuzimwa haijapata hitilafu. Imepatwa na mafuriko, na mafuriko yametajwa kwa jina katika ukurasa wa nne wa hati yangu kuwa ni hatari iliyokatiwa bima. Kilichoondolewa na hati ni uharibifu unaotokana na kuliendesha gari ndani ya maji. Tofauti hiyo mkadiriaji yeyote aliyefika gereji na kufungua kichujio cha hewa angeiona kwa dakika kumi.

Siku kumi baadaye, tarehe 15 Januari, ada yangu ya mwaka ikawa imefika. Gari lilikuwa juu ya mawe gerejini, halitembei, na kampuni inayokataa kulitengeneza ilikuwa inanidai ada kamili ya kulilinda. Ningeweza kushuka hadi bima ya mtu wa tatu, ile ambayo sheria hulazimisha kila gari kuwa nayo, lakini nilihofu kwamba nikibadilisha mkataba katikati ya dai nitawapa sababu nyingine. Nililipa kwa uchungu ambao sikumbuki kuwahi kuusikia kwa sababu ya fedha.

Sheria ya Bima, kifungu cha 203, huweka kikomo cha siku 90 cha kulipa dai. Kwa hesabu yangu siku hizo ziliisha tarehe 18 Februari. Nilikata rufaa ndani ya kampuni mara mbili, na kila mara nilizungumza na mtu mpya ambaye ilinibidi nimsimulie upya kuanzia usiku wa mvua. Hilo ndilo lililonichosha zaidi kuliko fedha zenyewe. Hakuna aliyenitukana, hakuna aliyenikaripia. Wote walikuwa wapole, wote waliniita mama, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amesoma alichokiandika mwenzake. Mwezi wa Machi niliandika malalamiko rasmi kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima, ambayo wengi huijua kwa herufi IRA, nikaambatanisha barua ya kukataliwa, nakala ya ukurasa wa nne, maelezo ya fundi na tarehe zote. Nakala nilimpelekea mkurugenzi wa kampuni. Haukupita muda mrefu kabla mkadiriaji mwingine hajaja Changamwe kwa miguu yake. Alifungua kichujio cha hewa, akakikuta na tope, akapiga picha nne, akasema, “Mama, hii ni maji tu,” akaondoka.

Fedha ziliingia benki tarehe 7 Mei, siku 169 tangu niliporipoti. Gharama ya matengenezo ilikuwa shilingi 186,000. Waliondoa eksesi ya 20,000, ambayo chini ya hati yangu ya zamani isingekatwa, nikapokea 166,000. Kwa miezi hiyo yote nilikuwa ninakodi gari la kubebea mizigo, gharama ambayo haimo kwenye hesabu ya mtu yeyote ila yangu.

Uadilifu unanitaka niyaseme pia yaliyo mazuri. Cheti cha bima cha kidijitali ni maendeleo ya kweli: ninakipata kwenye simu dakika chache baada ya kulipa, askari wa barabarani anaweza kukihakiki papo hapo, na biashara ya stika za bandia iliyowatia hasarani wengi imebanwa. Malipo ya dai, yalipoidhinishwa, yaliingia siku ile ile bila hundi wala kupanga foleni. Na kampuni haijafilisika. Inalipa, ingawa kwa kuburutwa. Sipingi kompyuta, na dukani kwangu ninapokea M-Pesa na kutunza hesabu kwa programu kama wafanyabiashara wengine wa mtaa huu. Ninachokilaumu ni kwamba katika kuleta mfumo mpya walimtupa jongoo pamoja na mti wake. Daftari za maalim zilikuwa zinasomeka. Risiti zilikuwepo. Mtu mmoja aliyekaa ofisini kwa miezi michache angeweza kuwaingiza wateja wote wa pwani kwenye mfumo na tarehe zao za kweli, lakini mtu huyo hakuajiriwa.

Na Shaaban ya mwaka 2024 ilifika, Februari, nikiwa katikati ya ugomvi wa gari. Hakuna aliyekuja kuhesabu korija. Nilipoifungua programu kutafuta mahali pa kuongeza thamani ya mali ya duka kwa miezi mitatu, hapakuwepo. Palikuwa na kitufe cha kuhuisha mwaka mzima na kingine cha kusitisha. Kwenye simu niliambiwa kwamba naweza kuongeza thamani, lakini kwa mwaka wote, na kwa ada ya mwaka wote. Nilipiga hesabu nikaona sitaimudu kwa sababu ya matengenezo ya gari. Kwa mara ya kwanza tangu 2001 nilipitisha Ramadhani na Idi nikiwa na mali ya milioni nne chini ya hati ya 2,400,000, na kila usiku nilipofunga duka nilizima swichi kuu kwa mkono wangu mwenyewe na kurudi tena kuihakikisha.

Bima ya duka ilikuwa inaisha tarehe 30 Juni. Kabla ya hapo niliiomba kampuni barua ya historia ya madai yangu, ili kampuni nyingine iweze kunipa punguzo ninalostahili. Nilipewa barua ya mistari minne iliyosema kwamba mimi ni mteja tangu 2021 na kwamba katika muda huo nimedai mara moja. Kila neno katika barua hiyo ni la kweli kwa mujibu wa mfumo wao, na yeyote atakayeisoma atanidhania kuwa mteja wa juzi mwenye mazoea ya kudai. Miaka 23 yenye madai mawili imegeuzwa kuwa miaka mitatu yenye dai moja.

Nilikwenda na barua hiyo kwenye ofisi ya kampuni nyingine, na kwa kuwa sikuitegemea nilibeba pia faili langu lenye risiti zote, kuanzia ile ya kwanza iliyoandikwa kwa mkono wa maalim. Binti aliyenihudumia alikuwa na umri wa mwanangu wa mwisho. Aliisoma barua, kisha akaomba faili. Alizipitia risiti moja baada ya nyingine kwa muda wa saa nzima, akaweka nakala, na kwenye fomu, mahali pa historia ya mteja, akaandika: tangu 2001, madai mawili. Alinionyesha kabla ya kutia sahihi. Habari ya Shaaban nilimweleza mwenyewe, na akaiandika pia, pamoja na nyongeza ya miezi mitatu na bei yake, nami nikalipa bima ya duka siku ile ile. Gari nililiacha kule lilikokuwa, kwa kuwa muda wake ulikuwa hauishi hadi tarehe 14 Januari 2025.